Kabla ya kuhesabu, sikilizeni: Funzo la wafugaji kwa watafiti wa afya

WAHENGA walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo ilinuiwa kuhimiza ukarimu: anayeumwa asisubiri kuomba, apewe. Lakini katika huduma za afya ya umma, wasia huo wa huruma umegeuzwa kuwa mtindo wa uongozi. Mipango hupikwa Nairobi, huongezwa chumvi katika makao makuu ya kaunti, kisha hupakuliwa vijijini. Mgonjwa akiuacha uji huo upoe, ripoti huandika kwamba jamii yake ni sugu na inashikilia mila zilizopitwa na wakati.

Ni wachache wanaorudi kumuuliza kwa nini hakunywa.

Wadi ya Sericho, katika eneobunge la Isiolo Kusini, ni mahali mwafaka pa kulitafakari swali hilo. Iko mashariki mwa Kaunti ya Isiolo, katika tambarare kame ambako mto Ewaso Ng'iro huelekea kuzama katika kinamasi cha Lorian. Wakazi wake wengi ni Waborana, Waislamu na wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Maisha yao hufuata malisho na maji. Mvua ilipokosekana kwa misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mifugo iliangamia kote Kaskazini mwa Kenya na familia zikalazimika kuhama kuliko ilivyo ada. Mwishoni mwa 2023, eneo hilo hilo likakumbwa na mafuriko.

Watu wanapohama, zahanati haihami. Hapo ndipo hesabu za wizara na maisha ya mfugaji zinapoachana njia.

Chukulia mfano wa mama mjamzito katika wadi kama hiyo. Daftari la kliniki laweza kuonyesha kwamba alihudhuria mara mbili kisha akatoweka. Tarakimu hiyo ni ya kweli, na afisa wa afya anayeijumlisha na nyingine hafanyi kosa. Hata hivyo, daftari halisemi iwapo mama huyo alifuata mifugo, au mumewe hakuwapo kutoa nauli, au alihudumiwa na mwanamume akaona haya kurudi, au aliona mwenzake akikaripiwa mbele ya watu. Kila mojawapo ya sababu hizo ina dawa yake. Atakayemtibu wa nauli kwa mahubiri kuhusu umuhimu wa kliniki atakuwa amepoteza pumzi na pesa za umma.

Kazi ya kuzitambua sababu hizo ndiyo wasomi wa sayansi za jamii huita utafiti wa kimaelezo. Utafiti wa kitakwimu huuliza ni wangapi. Huu huuliza kwa nini na kwa vipi. Nyenzo zake ni mahojiano marefu, majadiliano ya vikundi na kuketi na watu hadi mgeni azoeleke. Wala si porojo za kibarazani. Mtafiti hurekodi maneno, huyaandika yalivyosemwa, huyapanga kwa maudhui, na hutafuta kwa makusudi sauti zinazopingana na dhana yake mwenyewe.

Kaskazini mwa Kenya ina ushahidi wa zamani kwamba kusikiliza huokoa maisha. Katika miaka ya 1970, majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza yalidhihirisha kwamba kifua kikuu chaweza kuponywa kwa miezi sita, badala ya mwaka mmoja au zaidi. Matokeo ya kwanza ya majaribio hayo yalichapishwa mnamo 1972. Ulikuwa ushindi mkubwa wa sayansi. Lakini kwa mfugaji wa kuhamahama, hata miezi sita ni mingi. Kikohozi kikipungua na mvua ikinyesha kwingineko, hufunga mizigo na kuondoka, na ugonjwa humrudia ukiwa mkali zaidi.

Mjini Wajir, katika kaunti inayopakana na Isiolo, Muitaliano Annalena Tonelli alikuwa ameishi miongoni mwa wafugaji wa Kisomali kwa miaka kadhaa. Hakuwa daktari alipofika, alikuwa mwalimu. Mnamo 1976 alianzisha utaratibu ambao baadaye ulijulikana kama manyatta ya kifua kikuu. Wagonjwa walijenga vibanda vyao wenyewe, kwa mtindo waliouzoea, karibu na mahali pa tiba. Waliishi humo kwa miezi yote sita, wakimeza dawa kila siku mbele ya mhudumu, kisha wakarejea kwa mifugo yao wakiwa wazima.

Dawa zilikuwa zile zile zilizothibitishwa na majaribio. Kilichobadilika ni ufahamu wa anayezimeza: kwamba mfugaji hachukii tiba bali wodi iliyofungwa, na kwamba akiruhusiwa kuishi katika nyumba anayoitambua atavumilia. Utaratibu wa Wajir ulihesabiwa miongoni mwa mifano ya awali ya tiba inayosimamiwa kwa macho, ambayo Shirika la Afya Duniani lilikuja kuieneza miaka ya 1990. Tonelli aliuawa mjini Borama, Somaliland, mnamo Oktoba 2003, mwaka ule ule alipotunukiwa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi. Funzo aliloacha ni kwamba majaribio yaweza kuthibitisha dawa, lakini hayawezi peke yake kumfikisha mgonjwa mwisho wa dozi.

Funzo hilo lilirudi kwa sura nyingine mnamo Juni 2013, serikali ilipofuta ada za kujifungua katika hospitali za umma. Kitaifa, hatua hiyo na nyinginezo zimezaa matunda. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 62 ya watoto walizaliwa mikononi mwa wahudumu wenye ujuzi. Kufikia uchunguzi wa 2022, kiwango kilikuwa asilimia 89. Lakini wastani wa taifa ni kama blanketi: hufunika na walio uchi. Kaunti za wafugaji ziliendelea kubaki nyuma ingawa ada ilikuwa imeondolewa kwa wote.

Ikiwa kikwazo kilikuwa ada tu, basi mama wa Samburu angekwenda hospitali sawa na mama wa Nyeri. Utafiti wa kimaelezo uliofanywa katika jamii za wafugaji za Laikipia na Samburu, na kuchapishwa mnamo 2016, ulisaidia kueleza kwa nini haikuwa hivyo. Wanawake, waume zao, wakunga wa jadi na wauguzi walihojiwa. Walitaja umbali, barabara na ukosefu wa usafiri, lakini pia walizungumzia jinsi mzazi anavyopokelewa, imani waliyo nayo kwa mkunga wanayemfahamu, na desturi za uzazi ambazo wodi haikuzitambua. Utafiti mwenza ulionyesha kwamba mkunga wa jadi na muuguzi wote wawili wana nafasi yao machoni pa jamii, na kwamba wakishirikiana, mkunga aweza kumsindikiza mzazi hadi kituoni badala ya kuwa mpinzani wa kituo.

Hilo ni jambo ambalo mhasibu wa ada zilizofutwa hawezi kuliona katika vitabu vyake. Na kwa wadi kama Sericho, ambako usiku mmoja wa uchungu wa uzazi unaweza kuwa pia usiku wa kutafuta gari, tofauti kati ya kumfukuza mkunga na kumshirikisha yaweza kuwa uhai wa watu wawili.

Katika majaribio ya dawa, gharama ya kutosikiliza ni kubwa zaidi, kwa kuwa huenda ikauficha ukweli wenyewe wa kisayansi. Mfano ulio karibu ni ule wa Bondo, katika Kaunti ya Siaya. Wanawake 2,120 wa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania walishirikishwa katika majaribio yaliyojulikana kama FEM-PrEP, kuchunguza iwapo kidonge cha Truvada kikimezwa kila siku kingewakinga na virusi vya ukimwi. Majaribio yalisitishwa Aprili 2011. Wanawake 33 waliopewa dawa walikuwa wameambukizwa, dhidi ya 35 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa mtazamo wa harakaharaka, dawa ilikuwa haifai kitu.

Hata hivyo, kulikuwa na kitendawili. Karibu asilimia 95 ya nyakati wanawake hao waliposailiwa, walisema walimeza vidonge kila mara au aghalabu. Damu yao ilisema mengine: katika sampuli zilizopimwa, chini ya asilimia 40 ndizo zilizoonyesha kwamba dawa ilikuwa imetumiwa siku za karibuni.

Mtu mwepesi wa kulaumu angesema wanawake walidanganya na shauri likaishia hapo. Watafiti waliorudi Bondo na Pretoria kuketi na washiriki walipata maelezo yenye uzito zaidi. Wapo waliohofia madhara ya dawa ambayo bado haikuwa imethibitishwa. Wapo waliokatishwa tamaa na wapenzi, jamaa au majirani waliouliza vidonge hivyo ni vya nini. Na wapo waliosema wanavimeza kwa kuogopa kukemewa au kuondolewa katika majaribio. Dodoso lilikuwa limeuliza swali ambalo jibu la kweli lilionekana kuwa na adhabu.

Wakati uo huo, majaribio mengine ya vidonge vya aina hiyo yalikuwa yakiendelea Kenya na Uganda, miongoni mwa jozi 4,758 za wapenzi ambapo mmoja alikuwa na virusi na mwenzake hana. Humo, kidonge cha dawa mbili kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Utafiti wa kimaelezo uliofanywa Uganda kando ya majaribio hayo ulieleza siri ya tofauti hiyo: kidonge kilikuwa kimekuwa njia ya kuinusuru ndoa. Mume alimkumbusha mke, mke akamkumbusha mume. Bondo, mwanamke wengi wao alimeza peke yake, pengine kwa kificho. Kule kwingine walimeza wakiwa wawili.

Laiti matokeo ya kitakwimu ya FEM-PrEP yangesomwa bila maelezo hayo, huenda wanawake wa Afrika wangenyimwa kinga inayofanya kazi. Badala yake, Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi ya vidonge hivyo kwa wote walio katika hatari kubwa mnamo 2015, na Kenya ikazindua mpango wa kitaifa mnamo Mei 2017. Utafutaji wa kinga isiyohitaji kumezwa kila siku nao uliendelea. Mnamo 2024, majaribio ya sindano ya lenacapavir, inayodungwa mara mbili kwa mwaka, yalitoa matokeo ya kustaajabisha Uganda na Afrika Kusini: miongoni mwa wanawake 2,134 waliodungwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Jambo jingine ambalo takwimu haziwezi kulipima ni ridhaa. Sheria na maadili ya utafiti hudai kwamba mshiriki akubali kwa hiari, akiwa ameelewa. Je, sahihi au alama ya kidole gumba kwenye fomu ni ushahidi wa kuelewa? Watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi, kilichoanzishwa 1989, walijiuliza swali hilo miaka ya mwanzo ya 2000. Mahojiano na wazazi yaliyochapishwa 2004 na 2005 yalionyesha kwamba wengi hawakutofautisha utafiti na matibabu ya kawaida. Wengine walikubali kwa kuwa hospitali ndiyo iliyosema, na wengine walikuwa na hofu kuhusu damu iliyotolewa. Kituo hicho baadaye kiliunda mtandao wa wawakilishi wa jamii wa kujadiliana na watafiti na kupeleka maswali ya wananchi kwao.

Ugumu ulizidi wakati wa majaribio ya FEAST, yaliyowahusisha watoto 3,141 mahututi nchini Kenya, Uganda na Tanzania kati ya 2009 na 2011. Majaribio yalipima desturi iliyoaminika duniani kote ya kumwongezea mtoto maji mengi ya mishipani kwa haraka. Matokeo yaliishtua dunia ya utabibu: waliopewa maji hayo walikufa kwa kiwango cha takriban asilimia 10.5 katika saa 48 za kwanza, ilhali wale ambao hawakupewa walikufa kwa asilimia 7.3. Bila majaribio hayo, madaktari wangeendelea kudhuru huku wakidhani wanaponya.

Lakini mzazi aliyembeba mtoto asiyepumua vizuri hawezi kusomewa fomu ya kurasa kadhaa. Kwa hiyo wazazi waliombwa kibali kifupi cha mdomo kwanza, na maelezo kamili yakatolewa baada ya mtoto kutulia. Je, huo ulikuwa ubinadamu au hila? Swali hilo halina jibu katika asilimia. Watafiti wa jamii waliwahoji wazazi na wahudumu katika hospitali mbili, na kuyafanya maoni ya wazazi kuwa sehemu ya mjadala wa namna utafiti wa dharura unavyopaswa kufanywa.

Kwa wakazi wa Sericho, mambo haya si hadithi za mbali. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilileta homa ya Bonde la Ufa, iliyoanza kugunduliwa kwa binadamu Garissa mnamo Desemba mwaka huo na kuua zaidi ya watu 150 nchini kabla ya kutulia 2007. Ni ugonjwa unaotoka kwa mifugo kwenda kwa watu. Baada ya janga, wataalamu wa mifugo waliketi na wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki kuyapitia matukio hatua kwa hatua. Katika ripoti iliyochapishwa 2010 walikiri kwamba wafugaji hao, kwa kutazama mafuriko, wingi wa mbu na mimba za mifugo zilizotoka, waliitambua hatari mapema na kwa uhakika zaidi kuliko mifumo ya kimataifa ya tahadhari iliyokuwapo wakati huo.

Kwa maneno mengine, tahadhari ilikuwepo malishoni. Lililokosekana ni sikio.

Hadi sasa hakuna chanjo ya homa hiyo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida ya binadamu. Iliyotia matumaini ni ChAdOx1 RVF, ambayo mwanasayansi Mkenya George Warimwe ni miongoni mwa waliyoivumbua, na ambayo matokeo ya majaribio yake ya kwanza Uingereza yalitolewa 2023. Chanjo kama hiyo ikifikia hatua ya kuwahitaji watu wengi, itabidi ifike kwa wachunga ngamia na mbuzi, kwa kuwa ndio walio hatarini. Nani atakayekuwa ameuliza mapema iwapo sindano itapokelewa mwezi wa Ramadhani? Nani atakayejua neno gani la Kiborana litumike kueleza kwamba chanjo ingali inajaribiwa? Na mshiriki akihama katikati ya ufuatiliaji, ataitwa mtoro au mfugaji?

Wapo wanaoupinga mwelekeo huu, na hoja zao hazifai kupuuzwa. Husema kwamba mahojiano na watu 30 hayawezi kusemea kaunti nzima. Ni kweli, na ndiyo maana utafiti wa kimaelezo haupaswi kuchukua nafasi ya takwimu bali kuziongoza na kuzifasiri. Husema pia kwamba mtafiti huona anachotaka kuona. Hatari hiyo ipo, kama ilivyo kwa mwandaaji wa dodoso. Dawa yake ni uwazi na nidhamu.

Hoja ya tatu ni kwamba kusikiliza huchukua muda na maradhi hayasubiri. Mfano wa mashariki mwa Kongo unajibu. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini na Ituri kati ya 2018 na 2020, ikaua watu 2,287, vituo vya tiba vilishambuliwa na wahudumu wakauawa. Kitengo maalumu cha uchambuzi wa sayansi za jamii kiliundwa kukusanya maoni ya wananchi na kuyafikisha kwa wasimamizi wa kampeni wakati janga likiendelea, bila kungoja makala ya jarida. Kilichochelewesha udhibiti zaidi kilikuwa ukosefu wa imani, na imani haishonwi kwa amri.

Hoja nzito kuliko zote haitoki kwa madaktari bali kwa wanaohojiwa. Wafugaji wameona wageni wengi wenye madaftari na vinasa sauti. Huja, huuliza, hunywa chai ya maziwa, huondoka. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza na husomwa ng'ambo. Aidha, mara nyingi anayezungumza ni mzee au chifu, na mtafiti mvivu huandika kwamba jamii imesema. Waborana wa Isiolo wana mabaraza ya wazee ya dedha yanayosimamia malisho na maji kwa kanuni zinazoheshimika. Ni mlango wa kupitia, na asiyebisha hodi hapo atakosa njia. Lakini mlango si nyumba nzima. Masuala ya uzazi na aibu za wodi hayatasemwa barazani mbele ya wanaume. Yanahitaji mwanamke anayeuliza kwa Kiborana, faraghani.

Katiba ya 2010 ilimpa kila Mkenya haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, ikaikabidhi kaunti sehemu kubwa ya huduma, na kuufanya ushiriki wa wananchi kuwa msingi wa utawala. Tangu Septemba 2023, serikali ya kitaifa imewapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini. Hao ndio wanaoingia nyumba kwa nyumba. Kwa sasa kazi yao kubwa ni kupima na kuhesabu. Wakipewa mafunzo na nafasi ya kuandika pia sababu, kaunti itakuwa na masikio ambayo hakuna mradi wa wafadhili unaoweza kuyanunua.

Yanayohitajika si mengi. Kila jaribio la dawa au mpango mpya wa huduma utakaopelekwa maeneo ya wafugaji uanze na mazungumzo kabla ya bajeti kufungwa, si baada ya mambo kuharibika. Kalenda yake ifuate mvua na malisho. Na matokeo yarudishwe yalikotoka, kwa lugha ya wenyewe, ili aliyetoa saa zake mbili chini ya mgunga ajue zilikwenda wapi.

Uji bado utapikwa, na mgonjwa bado ataletewa. Wahenga hawakukosea kuhimiza ukarimu. Lakini asubuhi bakuli likikutwa limejaa, mpishi mwenye busara hamlaumu mgonjwa. Huketi kando ya kitanda, akauliza.